Maswali ya Wasomaji: Hamsini au thelathini kwenye barabara ya Naliendele?

Barua sita kati ya zile tulizopokea mwezi huu zimetoka Mtwara, na zote zinazungumzia jambo moja. Katika mtaa mmoja ulio pembezoni mwa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, kando ya barabara itokayo mjini kuelekea Naliendele, Nanyamba na hatimaye Newala, wakazi wamekutana mara mbili kujadili pendekezo la kushusha ukomo wa mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi kilomita 30. Pendekezo lenyewe linahusu kipande cha mita 600 tu, chenye shule ya msingi upande mmoja na genge la samaki na mboga upande wa pili. Mkutano wa kwanza ulikuwa wa maneno makali, na wa pili uliahirishwa bila uamuzi. Barua tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha kwa ombi lao.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, na wawili kati yao wanavuka barabara hii kila asubuhi kwenda shule. Mkutanoni nilisema kwamba mwendo wa 50 ni mkubwa mno mbele ya shule. Mzee mmoja mwenye gari akanijibu kwamba tofauti ya 50 na 30 ni ndogo, na kwamba dereva anayeijua kazi yake anasimama popote. Watu wakampigia makofi, nami sikuwa na la kusema. Je, tofauti hiyo ni ndogo kweli?

Jibu: Mama, usijilaumu kwa kukosa jibu pale mkutanoni, kwa maana namba hizi mbili zikisemwa kwa mdomo zinakaribiana sana. Tatizo ni kwamba tumezoea kuupima mwendo kwa kilomita na kwa saa, ilhali ajali ya mtoto anayevuka barabara huanza na kwisha ndani ya mita chache na sekunde mbili tatu. Tuupime basi kwa vipimo hivyo.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 katika kila sekunde moja. Linalokwenda kilomita 30 hukata mita 8 na kidogo. Dereva yeyote anapoona jambo la ghafla mbele yake anahitaji muda wa kulitambua, kuamua la kufanya, kuutoa mguu kwenye mafuta na kuupeleka kwenye breki. Kwa dereva aliye macho na asiye na simu mkononi, muda huo hukadiriwa kuwa kama sekunde moja. Kwa aliyechoka unakuwa mrefu zaidi. Katika sekunde hiyo gari halijapungua mwendo hata kidogo, hata kama dereva ameshaona kila kitu na moyo umeshamruka.

Sasa mchukue mtoto wako anayetokea nyuma ya bajaji iliyoegeshwa, akiwa mita 14 mbele ya gari, yaani urefu wa basi kubwa la abiria na hatua mbili tatu za mtu mzima. Dereva wa kilomita 30 atapitisha mita 8 kabla ya kukanyaga breki, kisha kwenye lami kavu, kwa breki nzima na tairi nzuri, gari litasimama ndani ya mita 5 nyingine. Atakuwa amesimama mbele ya mtoto, kwa nafasi ndogo sana, lakini amesimama. Dereva wa kilomita 50, mwenye gari lile lile na uzoefu ule ule, atakuwa amezimaliza mita zote 14 kabla breki haijaanza kufanya kazi. Atamfikia mtoto akiwa na kilomita 50 zake kamili. Hiyo ndiyo tofauti aliyoiita ndogo yule mzee wetu, na ningependa umfikishie kwa heshima zote, kwa sababu naamini hakuwahi kupigiwa hesabu hii. Ustadi wa dereva unasaidia mambo mengi, lakini haufuti ile sekunde moja.

Lipo na jambo la pili. Nguvu ya gari linapogonga haiongezeki sawasawa na mwendo, bali huongezeka kwa mraba wake. Mraba wa 30 ni 900, na mraba wa 50 ni 2,500, kwa hiyo pigo la gari la kilomita 50 lina nguvu karibu mara tatu ya lile la kilomita 30, wakati mwendo wenyewe haujafika hata mara mbili. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa asilimia 4. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote mwaka 2021, na kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna chanzo cha kifo kinachozidi ajali za barabarani. Kundi hilo linaanzia darasa la awali na kuishia kwa vijana wanaoanza maisha.

Ongeza na mambo ya kwetu. Mvua za Mtwara hunyesha kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, na lami iliyolowa hurefusha safari ya gari lililokanyagwa breki. Kuanzia Oktoba barabara hii hupokea malori ya korosho yatokayo Newala na Tandahimba kuelekea bandarini, na lori lililoshiba magunia halisimami kama gari dogo. Mtoto wa darasa la pili naye hana uwezo wa mtu mzima wa kukadiria gari lililo mbali linakuja kwa mwendo gani. Uwezo huo hukomaa taratibu, na kumkaripia hakuuharakishi. Mfundishe kuangalia kushoto na kulia, ni wajibu wako, lakini mzigo wote wa hesabu hizi hatuwezi kumtwisha yeye.

Swali: Mhariri, nawasalimu. Ninaendesha bajaji kati ya mjini na Naliendele, safari kama 15 za kwenda na kurudi kwa siku. Hesabu ya bosi haipungui hata siku moja. Mnaoshabikia 30 hamlipi hesabu hiyo. Pili, tunajua kitakachofuata: trafiki watakaa na tochi ya kupimia mwendo nyuma ya mwembe, watatukamata sisi wadogo, na mabasi yatapita. Mnatushauri nini?

Jibu: Ndugu dereva, nimeipiga hesabu yako kama ulivyoileta, kwa sababu riziki ya mtu haistahili kujibiwa kwa maneno ya jumla. Mita 600 kwa mwendo wa 50 hupitwa kwa sekunde 43. Kwa mwendo wa 30 hupitwa kwa sekunde 72. Kila unapopita pale utapoteza sekunde 29, na kwa kuwa safari 15 za kwenda na kurudi ni kupita mara 30, jumla yake kwa siku nzima ni kama dakika 14 na nusu. Hasara hiyo ipo, na siwezi kukuambia kwamba haipo. Huenda ni nafasi ya abiria mmoja au wawili. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba sasa hivi unapita genge lile kwa kilomita 50 kila mara, asubuhi na jioni, jambo ambalo wewe mwenyewe unajua haliwezekani saa ambazo wachuuzi na wanafunzi wamejaa. Hasara ya kweli itakuwa chini ya hapo.

Wasiwasi wako wa pili ninauona mzito zaidi kuliko wa kwanza. Kibao cha 30 kikisimikwa peke yake kwenye barabara iliyonyooka na pana, kitakuwa mtego kwa anayepita, na faini inamuumiza dereva wa bajaji huku ikiwa haimgusi mwenye basi. Ukomo unaotegemea tochi pekee hufanya kazi saa ambazo askari yupo, na hata saa hizo madereva hupeana ishara kwa taa kuanzia kilomita nzima kabla. Kwa hiyo mkutano ukirudi, usisimame upande wa kukataa 30. Simama udai kwamba kisiwekwe kibao bila kitu kinachomlazimisha kila mtu kupunguza mwendo, mwenye basi na mwenye lori wakiwemo. Ukidai hivyo utakuwa unamtetea mama aliyeandika hapo juu na kujitetea wewe mwenyewe kwa wakati mmoja.

Swali: Mimi ni mzee mstaafu, nimekaa mtaa huu tangu barabara ya kwenda Newala ikiwa ya vumbi. Kibao cha 50 kipo hapa na hakuna anayekifuata. Wanaokimbia 80 leo watakimbia 80 hata mkiandika 10. Naona tunapoteza muda kubishania namba. Kwa nini tusiachane na vibao tukafundisha watu utu?

Jibu: Shikamoo, mzee wetu. Barua yako ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake kuna jibu ambalo naona mwenyewe umelipita bila kusimama.

Umeitaja barabara ya vumbi. Watu waliokuwa wakipita enzi hizo hawakuwa na utu kuzidi wa leo, na sheria ilikuwa hii hii. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na kifungu chake cha 51 ndicho kinachoweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na kilomita 80 nje ya makazi kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Magari yalikwenda polepole kwa sababu mashimo, mchanga na makorongo viliyalazimisha. Barabara yenyewe ilikuwa ndiyo ukomo. Lami ilipokuja, na sote tuliiomba na kuishangilia, iliondoa vumbi vifuani mwa watu na ikamfikisha mgonjwa hospitali ya Ligula kwa saa chache, lakini pia iliuondoa ule ukomo uliokuwa umefukiwa ardhini, na mahali pake tukaweka bati lenye namba juu ya nguzo. Dereva huongozwa na kile macho yake na usukani wake vinamwambia. Barabara pana, iliyonyooka, isiyo na kitu pembeni, inamwambia kwamba anaweza kukimbia, na bati moja haliwezi kushindana na maneno hayo.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba kubishania namba peke yake ni kupoteza muda, ila sikubaliani na hitimisho lako. Ninachokiamini, na ndicho ningependa mtaa wenu ukibebe hadi mkutano ujao, ni kwamba 30 iandikwe kwenye kibao na pia ijengwe kwenye barabara. Kabla ya kipande hicho ziwekwe rasta, yaani yale matuta madogo madogo yanayolitetemesha gari na kumwamsha dereva. Kisha mbele ya shule kijengwe kivuko kilichoinuliwa, ambacho mtoto anavuka juu yake bila kushuka na gari linalazimika kukipanda taratibu. Pembeni iwepo njia ya waenda kwa miguu, iliyotengwa na lami kwa nguzo fupi au ukingo, ili bodaboda zisiigeuze kuwa barabara yao. Yote haya ni kazi za kawaida za wahandisi wetu, na zimefanyika hapa hapa nchini. Jijini Dar es Salaam, shirika la usalama barabarani la Amend limeboresha mazingira ya shule kadhaa kwa vitu vya aina hii, pamoja na kuhamisha mageti ya shule yaliyokuwa yakiwamimina watoto moja kwa moja barabarani, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Niliposoma habari hiyo, kilichonigusa kuliko vyote ni mageti. Hakuna sheria mpya iliyohitajika kuligeuza geti lielekee uchochoro.

Na kuhusu utu, mzee wetu, tuufundishe kwa nguvu zote. Lakini Sweden, nchi ambayo Bunge lake liliamua mwaka 1997 kwamba haikubaliki mtu kufa barabarani, ilianza na msimamo kwamba binadamu atakosea hata akiwa mwema, hivyo barabara ipangwe ili kosa lake lisiwe kifo. Kutokana na msimamo huo ndiko ilikotoka namba 30 kwa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu wanachangamana, na mwezi Februari 2020 mawaziri na wajumbe wa mataifa mengi waliokutana Stockholm waliipendekeza namba hiyo hiyo. Dereva aliyemgonga mtoto mara nyingi si mtu mkatili. Ni baba wa mtu, aliyekuwa akiwahi, kwenye barabara iliyomwambia awahi.

Swali: Ninauza vibua na pweza hapo gengeni. Wenzangu wananikataza hata kuhudhuria mikutano, wanasema tukiwaita wahandisi wa barabara waje kupima, jambo la kwanza watakaloona ni vibanda vyetu, na tutavunjiwa. Je, ni kweli?

Jibu: Dada yangu, hofu ya wenzako ina msingi, na sitaifunika. Hifadhi ya barabara za aina hii ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na ilikuwa mita 22.5 kabla ya sheria mpya ya barabara ya mwaka 2007. Vibanda vingi vya magenge ya barabarani, Mtwara na kwingineko, vimo ndani ya hifadhi hiyo. Hata hivyo ombi la kupunguza mwendo haliviingizi wala kuvitoa; vimo humo leo, ombi likiwepo au lisiwepo, na wahandisi hupita hapo kila mara.

Ninachowashauri ni mtangulie ninyi. Vibanda na bajaji zinazosimama karibu na mahali watoto wanapovukia huwaficha watoto wasionekane na dereva, na pia huwafichia watoto magari yanayokuja. Wafanyabiashara wakiamua wenyewe kurudi nyuma hatua kadhaa na kuacha sehemu ya kuvukia ikiwa wazi pande zote mbili, mtaingia mkutanoni mkiwa na la kutoa pamoja na la kuomba. Ombeni pia kwamba maandishi ya mtaa yataje genge kama sababu mojawapo ya kutaka mwendo mdogo, kwa kuwa wateja wenu wanavuka barabara ile ile. Watu wanaokaa kimya kwa kuogopa kuonekana hupangiwa mambo wakiwa hawapo.

Swali: Mimi ni mwalimu. Kwenye mkutano wa pili kijana mmoja alisema kwamba Wales, kule Uingereza, walishusha ukomo hadi kama 30 yetu, wananchi wakakataa, na serikali ikarudi nyuma. Akauliza, kama wao wameshindwa sisi tutaweza? Habari hiyo ni sahihi?

Jibu: Ni sahihi nusu, Mwalimu. Tarehe 17 Septemba 2023 Wales ilishusha ukomo wa kawaida kwenye barabara za makazi kutoka maili 30 hadi maili 20 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 48 na 32. Ombi la kupinga hatua hiyo lilipata saini zaidi ya 400,000, katika nchi yenye watu kama milioni tatu, na mwaka uliofuata serikali iliruhusu halmashauri kurudisha maili 30 kwenye baadhi ya barabara. Hapo ndipo kijana wenu aliposimama. Lakini ukomo wa maili 20 haukufutwa, na katika mwaka wa kwanza idadi ya watu walioumia kwenye barabara za mwendo huo na wa maili 30 ilipungua kwa takribani robo.

Kilichowaudhi wengi kule ni kuona namba moja ikishuka kwa mkupuo karibu kila mahali, hata kwenye barabara pana ambazo hawakuona mtu akivuka. Mtaa wenu unaomba mita 600 mbele ya shule. Mwambie kijana huyo kwamba Wales inatufundisha kuchagua mahali kwa uangalifu, na kwamba mahali mlipochagua ninyi ni pale ambapo hata wapinzani wengi wa kule wasingepapinga.

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Tulipeleka barua manispaa tukaambiwa si kwao. Baadhi ya wakazi sasa wanataka tujenge tuta sisi wenyewe kwa kifusi na magogo, usiku mmoja kazi iishe. Wengine wanapinga matuta kabisa, kwa sababu gari la wagonjwa litachelewa na nyumba za karibu zitapata nyufa malori yakirukaruka. Twende wapi, na tukiulizwa ushahidi tuonyeshe nini?

Jibu: Ndugu mjumbe, anza kwa kuwazuia hao wa kifusi. Kuweka kizuizi barabarani bila idhini ni kosa, na zaidi ya kosa ni hatari: bodaboda itakayofika hapo saa mbili usiku bila taa nzuri italikuta tuta lisilo na alama, na mtu mtakayemuokota atakuwa wa mtaa wenu. Matuta ya kienyeji yamekuwa na sifa mbaya kwa sababu huwa mafupi na makali. Tuta la kitaalamu lina umbo la mgongo mpana. Mfano ulioenea sana duniani, uliotokana na majaribio ya Uingereza miaka ya 1970, una upana wa mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari na kimo cha sentimita 10 tu, na gari linaloufikia kwa mwendo unaotakiwa halirukiruki. Linalorukaruka ni lile lililokuja mbio. Hoja ya nyufa na kelele za malori matupu ina ukweli wake, kwa hiyo ombeni kivuko kilichoinuliwa kiwekwe mkabala na uwanja wa shule, mbali na nyumba zilizosogelea barabara. Kuhusu gari la wagonjwa, litapoteza sekunde chache pale, na mgonjwa aliyevunjika mfupa ataumia ikiwa tuta ni baya. Hiyo ni sababu ya kudai tuta zuri, na moja au mawili yanatosha. Msikubali mstari wa matuta sita kama niliouona kwenye vijiji vingine, ambako madereva hupita wakilaani na watoto hawana nafuu yoyote.

Manispaa walikujibu sawa, ingawa wangeweza kukuelekeza. Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanza mwaka 2000, ndio unaosimamia barabara kuu na za mikoa, na hii yenu ni mojawapo. TARURA, ulioanza mwaka 2017, unashughulikia barabara za wilaya na za mitaa, kwa hiyo vichochoro vinavyoingia kwenye barabara hii ni vyao. Barua yenu iende kwa meneja wa TANROADS wa mkoa, na nakala kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa, diwani na mtendaji wa kata. Iambatane na muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye mahudhurio na saini. Barua yenye saini tatu za kamati ni rahisi kuwekwa kabatini. Muhtasari wenye majina ya wazazi, wafanyabiashara, walimu na madereva wa bajaji una uzito mwingine, na ndiyo maana nimewasihi wote walioandika hapo juu warudi mkutanoni.

Jitayarisheni kwa jibu moja. Huenda mkaambiwa kwamba madereva wengi hapo wanakwenda 60 au zaidi, hivyo 30 haiendani na hali halisi. Jibu hilo linatokana na desturi ya zamani ya wahandisi ya kupima mwendo ambao asilimia 85 ya madereva hawauzidi, kisha kuufanya huo kuwa msingi wa ukomo. Desturi hiyo ina maana kwenye barabara ya porini. Mbele ya shule ina kasoro kubwa, kwa sababu inauliza maoni ya walio ndani ya magari pekee, na mtoto aliyesimama ukingoni akisubiri kuvuka hahesabiwi popote.

Basi mhesabuni ninyi. Chagueni siku tatu za shule, mmoja wenu akae na daftari kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, na tena wanafunzi wanapotoka, aandike ni watoto wangapi wamevuka na mahali gani. Wakati huo huo wawili wengine wapime mwendo wa magari. Hamhitaji tochi. Pimeni kwa kamba mita 100 kamili pembeni mwa barabara, nje ya lami, mweke alama ya chokaa kila mwisho, kisha mtumie saa ya kuhesabu sekunde iliyomo kwenye simu: mmoja ainue mkono gari linapovuka alama ya kwanza, mwingine abonyeze, abonyeze tena linapovuka ya pili. Gari linalotumia sekunde 12 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Linalotumia sekunde 7 na kidogo linakwenda 50. Linalotumia sekunde 6 linakwenda 60, na lililotumia sekunde nne na nusu lilikuwa kwenye 80. Pimeni magari 100, ya kila aina, bila kuchagua yanayokimbia, kwa sababu mkichagua mtagunduliwa na kazi yote itadharauliwa. Waliosimama na daftari wasimame nyuma kabisa ya ukingo, na wanafunzi wasitumwe kazi hii. Matokeo yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, yabandikwe ofisi ya mtaa siku chache kabla ya mkutano, ili na yule mzee mwenye gari apate nafasi ya kuyasoma mapema.